Protini ya ng'ombe wa maziwa baada ya kuzaa: mwongozo kamili wa kufikisha kiwango sahihi, hatua kwa hatua

Malalamiko ni yale yale kila siku. Ng'ombe kazaa salama, wiki ya kwanza maziwa yamepanda vizuri, wiki ya tatu yamegoma na mifupa ya nyonga imeanza kutokeza, miezi miwili mitatu imepita hajaingia joto, yaani hajataka dume. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia "mbona protini nampa, nanunua chakula cha asilimia 16".

Hapo ndo kosa lilipo. Hiyo asilimia 16 ni ya kilichomo kwenye gunia, siyo ya kilichoingia tumboni mwa ng'ombe. Ng'ombe anakula gunia pamoja na majani, na majani mengi yana protini asilimia 7 mpaka 9 tu, kwahiyo ukichanganya vyote viwili unajikuta uko 12 au 13 wakati ng'ombe aliyetoka kuzaa anataka 16 mpaka 18. Mwongozo huu wote ni wa kukufikisha kwenye hesabu ya mlo mzima, na kukuzuia usizidishe, maana kuzidisha nako kuna hasara yake.

## Viwango vyenyewe

Hivi vyote ni asilimia ya uzito mkavu, yaani chakula ukishaondoa maji yake:

- Wiki 3 za mwanzo baada ya kuzaa: 17 mpaka 18
- Kuanzia hapo mpaka kama siku ya 100: 16 mpaka 17
- Katikati na mwisho wa kukamuliwa: 14 mpaka 15
- Akiwa amekaushwa: 12 mpaka 13, akikaribia kuzaa 13 mpaka 15

Viwango vya juu hapo ni vya ng'ombe wa lita 20 kwa siku na kuendelea. Ng'ombe wako kama ni wa lita 10 hivi, 14 mpaka 15 zinamtosha hata akiwa kileleni, usimwagie hela ya soya kwenye maziwa ambayo asili yake haiwezi kutoa.

Kwanini mwanzo iwe juu? Kwasababu maziwa yanakimbia mbele ya hamu ya kula. Maziwa yanafika kileleni wiki ya 4 mpaka ya 8, ila ulaji unafika kilele chake wiki ya 8 mpaka 12, na katikati hapo ng'ombe anakula kidogo na kutoa kingi, anajazia pengo kwa kuyeyusha mafuta yake na nyama yake mwenyewe. Akila kidogo basi hicho kidogo lazima kiwe kizito cha protini.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 na mizani ndogo ya jikoni ya gramu. Bila mizani usianze, debe na karai vinadanganya, pumba ni nyepesi na mashudu ni mazito.
- Tepu ya kupimia uzito wa ng'ombe kwa mzunguko wa kifua
- Daftari na kalamu
- Majani ya kawaida ya kutosha (nyasi, sileji yaani majani yaliyovundikwa, au hei yaani majani yaliyokaushwa)
- Majani ya jamii ya mikunde: alfalfa, desmodiamu, kaliandra, chochote unachopata
- Chakula cha nguvu: mahindi yaliyobarazwa, pumba za mahindi au za ngano
- Chakula cha protini: mashudu ya soya, ya alizeti au ya pamba
- Madini ya ng'ombe wa maziwa (siyo ya mifugo mchanganyiko), chumvi, chokaa ya mifugo
- Maji safi muda wote. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 mpaka 100 kwa siku na maziwa karibu yote ni maji, kwahiyo akikosa maji protini yako yote ni kazi bure.

## Hatua ya 1: Anza wiki 3 kabla hajazaa

Wengi wanaianza kazi hii siku ndama anaposimama, wamechelewa. Tumbo kubwa la ng'ombe lina wadudu wadogo wasioonekana wanaomeng'enya chakula, na wadudu hao wanahitaji kama wiki 2 mpaka 3 kuzoea chakula kipya. Ukimshtukizia kilo 6 za chakula cha nguvu siku ya pili baada ya kuzaa, asidi inajaa tumboni, anaacha kula, na ndo unaingia kwenye matatizo.

Kwahiyo wiki 3 kabla ya tarehe anza kumpa kilo 1 ya mchanganyiko ule ule atakaokula baada ya kuzaa, panda taratibu mpaka kilo 2 au 3. Madini ya huu muda ni tofauti kidogo, usimjaze chokaa wala chakula chenye kalisi (kalsiamu) nyingi kabla ya kuzaa, inalegeza mwili usijue kuvuta kalisi kutoka kwenye mifupa na akizaa anaanguka na homa ya maziwa, yaani kalisi ya damu imeshuka ghafla.

Ukifanikiwa: siku anayozaa anakuja mwenyewe horini, na chakula kipya siyo kipya tena kwake.

## Hatua ya 2: Jua uzito mkavu wa majani yako

Hatua hii watu wanairuka na ndo inawaharibia hesabu yote. Kilo 40 za majani mabichi siyo kilo 40 za chakula, sehemu kubwa ni maji.

Chukua gramu 200 za majani uliyoyakatakata vizuri, yatandaze kwenye sufuria pana au kikaango juu ya moto mdogo sana, geuza geuza bila kuunguza. Pima. Rudisha motoni dakika chache, pima tena. Uzito ukiacha kushuka, hapo umemaliza. Zikibaki gramu 36 basi uzito mkavu ni asilimia 18 (36 gawanya kwa 200), na kilo 40 za majani hayo ni kilo 7.2 tu za chakula halisi.

Rudia kipimo kila majani yanapobadilika, hasa mvua zikianza au zikiisha.

Umri wa majani nao uangalie. Nyasi ndefu aina ya napier ikikatwa ikiwa na urefu wa kama mita 1 ina protini asilimia 8 mpaka 10, ukiiacha ikakupita kimo inashuka mpaka 5 au 6 na shina linakuwa gumu, ng'ombe anajaza tumbo bila kupata kitu. Mimi nasema kukata majani mapema ndo protini ya bei rahisi kuliko zote na ndo inayodharauliwa kuliko zote.

## Hatua ya 3: Jua protini ya kila unachokitumia

Makadirio ya kuanzia, asilimia ya protini:

- Nyasi ya umri mzuri: 8–10
- Sileji ya mahindi: 7–8
- Hei ya nyasi: 6–9
- Alfalfa: 15–20
- Majani ya kaliandra na lukina: 20–25
- Mahindi: 8–9
- Pumba za ngano: 15–17
- Mashudu ya alizeti: 24–35
- Mashudu ya pamba: 22–40
- Mashudu ya soya: 44–48

Umeona mashudu ya alizeti na pamba yanavyotofautiana? Ni maganda. Yakikamuliwa na maganda yake protini inashuka sana na nyuzi zinaongezeka, kwa macho yote ni mashudu tu. Ukinunua mzigo mkubwa peleka sampuli maabara, na kama maabara haipo karibu chukulia kiwango cha chini kwenye hesabu.

Kuna jambo moja la ziada. Protini nyingine inavunjwa tumboni na wale wadudu, nyingine inapita mpaka utumbo mwembamba bila kuguswa, na ng'ombe aliyezaa anahitaji zote mbili, ile inayopita iwe kama theluthi moja au zaidi kidogo ya protini yote. Ya majani mabichi ya mikunde kama alfalfa, sehemu kubwa inavunjwa. Soya iliyopashwa moto vizuri na mashudu ya pamba yana sehemu nzuri inayopita. Kwahiyo usitegemee chanzo kimoja tu, changanya viwili au vitatu.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya mlo mzima

Tuchukue ng'ombe wa kilo 450, yuko wiki ya 4 baada ya kuzaa, anatoa lita 20. Huyu atakula kama kilo 13 mpaka 14 za uzito mkavu kwa siku.

Anachokula:

- Majani mabichi kilo 32 (asilimia 18 kavu) = kilo 5.76 kavu, protini asilimia 9 = gramu 518
- Hei ya alfalfa kilo 3 (asilimia 90 kavu) = kilo 2.7 kavu, protini asilimia 18 = gramu 486
- Chakula cha gunia kilo 6 = kilo 5.28 kavu, kimeandikwa protini asilimia 16 ya uzito wake kama kilivyo kwenye gunia = gramu 960

Jumla ni kilo 13.74 kavu na protini gramu 1,964. Gawanya 1,964 kwa 13,740 unapata asilimia 14.3.

Na huyu bado anapewa alfalfa! Toa hiyo alfalfa weka nyasi badala yake uone inavyoporomoka.

Sasa lengo tuweke asilimia 16.5. Asilimia 16.5 ya kilo 13.74 ni gramu 2,267. Majani na alfalfa vimetoa 1,004, zimebaki gramu 1,263 za kutoka kwenye chakula cha ziada, yaani kile cha gunia. Gawanya kwa kilo 6, unapata gramu 210 kwa kilo, yaani chakula cha asilimia 21 siyo 16.

Ukitaka kuhakikisha kwa njia ya pili: ng'ombe wa uzito huu anahitaji kama gramu 400 za protini kujitunza mwenyewe, jumlisha gramu 85 mpaka 90 kwa kila lita ya maziwa. Kwa lita 20 inakuja kati ya gramu 2,100 na 2,200. Hesabu ya kwanza ikikupa 2,267 na ya pili ikikupa 2,150 hivi uko sehemu sahihi, hiyo ziada kidogo ni ya kufidia nyama anayopoteza.

Nakuomba uifanye hesabu hii kwa karatasi na kwa namba zako, usinakili namba zangu. Majani yako siyo majani yangu.

## Hatua ya 5: Tengeneza mchanganyiko

Mfano wa kilo 100 unaokupa karibu asilimia 21:

- Mahindi yaliyobarazwa kilo 35
- Pumba za ngano kilo 22
- Mashudu ya alizeti kilo 15
- Mashudu ya soya kilo 24
- Madini ya ng'ombe wa maziwa kilo 2.5
- Chumvi kilo 1
- Chokaa ya mifugo nusu kilo

Usiyapunguze hayo mahindi ukadhani unaongeza protini. Wadudu wa tumboni wakipewa protini bila nguvu ya wanga ni kama kumletea fundi matofali bila saruji, yanabaki yamelundikana. Protini isiyotumika inageuka amonia, inaingia kwenye damu, ini linaigeuza yurea ili itoke kwa mkojo, na kazi hiyo ya ini inakula nguvu ambayo ng'ombe hana. Mbaya zaidi ni kwamba protini nyingi inasukuma maziwa yapande, kama nguvu haipo ng'ombe anazidi kuyeyusha mwili wake, yaani unamkondesha kwa chakula cha bei ghali.

Kuchanganya: vitu vidogo vidogo (madini, chumvi, chokaa) changanya kwanza na kilo chache za pumba, alafu ndo umwage kwenye rundo kubwa. Geuza rundo lote kwa koleo mara nne, kutoka upande huu kwenda ule. Tengeneza cha wiki mbili tatu tu, weka juu ya mbao siyo sakafuni.

Onyo, soma yote:

Mashudu au mahindi yenye ukungu, tupa. Sumu ya ukungu inapita kwenda kwenye maziwa na kuchemsha maziwa hakuiondoi, na watoto ndo wanywaji.

Yurea ya mbolea usimpe ng'ombe aliyetoka kuzaa. Bado anakula kidogo, nguvu haitoshi, amonia inaweza kumuua. Na usichanganye kamwe yurea na soya mbichi, kuna kimeng'enya ndani ya soya kinaiachia amonia yote kwa mkupuo.

Unga wa nyama na mifupa usimpe mnyama anayecheua, nchi nyingi umepigwa marufuku kwasababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Kinyesi cha kuku nacho achana nacho.

Mashudu ya pamba ni ya ng'ombe wakubwa, ndama usiwape.

## Hatua ya 6: Panda taratibu baada ya kuzaa

Siku ya kuzaa. Mpe maji ya vuguvugu kadri anavyotaka, hata lita 20 mpaka 40, na hei nzuri mbele yake. Ndama apate dang'a ndani ya saa chache za kwanza.

Siku ya 1 mpaka 4. Chakula cha ziada kibaki kilo 2 mpaka 3 kwa siku, umegawa. Usiongeze hata kama maziwa yanamwagika.

Siku ya 5 na kuendelea. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku 2. Kutoka kilo 3 mpaka 6 itakuchukua wiki mbili na ushee jumla tangu azae, na hiyo ndo spidi sahihi, watu wanaona ni polepole ila tumbo halina haraka.

Kila mlo usizidi kilo 2 mpaka 2.5 za chakula cha ziada, kwahiyo kilo 6 zigawe mara tatu. Majani yatangulie, chakula cha ziada kifuate. Na majani yasishuke chini ya nusu ya uzito mkavu wa siku, ukilazimika kabisa iwe asilimia 40.

Siku akibakiza chakula horini au umeona hacheui, simama hapo hapo. Rudi kiwango cha siku mbili nyuma, kaa siku mbili, alafu endelea.

Ukifanikiwa: anamaliza, anarudi kulala, anacheua kwa utulivu. Maziwa yanapanda kidogo kidogo kila wiki badala ya kuruka na kuanguka.

## Hatua ya 7: Soma majibu ya ng'ombe mwenyewe

Hesabu ni ya kuanzia, ng'ombe ndo anakwambia kama umepata. Kila wiki andika lita, chakula alichobakiza, na hali ya mwili.

Mwili. Kwa kipimo cha 1 (amekonda sana) mpaka 5 (amenenepa sana), kushuka nusu alama mwezi wa kwanza na nusu ni kawaida. Akishuka alama nzima, tatizo lako la kwanza ni nguvu, siyo protini. Ongeza ubora wa majani na wanga kwanza.

Kinyesi. Kinachotakiwa ni kizito kama uji mzito, kinakaa mviringo na kibonye kidogo katikati. Kikiwa kigumu kimepandana kama ngazi, mara nyingi protini ni ndogo au maji hayatoshi. Kikiwa majimaji kinaruka, protini inayovunjwa imezidi au asidi imejaa, angalia mara ya mwisho umebadili nini.

Maziwa maabara. Kama kiwanda au ushirika unaouzia unapima yurea kwenye maziwa, omba majibu. Naitrojeni ya yurea inatakiwa iwe kama miligramu 10 mpaka 14 kwa desilita. Wengine wanaandika yurea yenyewe siyo naitrojeni yake, hapo namba inakuwa kubwa zaidi ya mara mbili, kama 21 mpaka 30, kwahiyo uliza wanapima kipi kabla hujashtuka. Ikiwa juu, protini imezidi au wanga umepungua. Ikiwa chini, ongeza protini inayovunjwa. Usiamue kwa ng'ombe mmoja siku moja, angalia wastani wa wote walio kwenye hatua hiyo.

Sasa hili wengi wanalikosea: majibu yakionyesha protini ya maziwa imeshuka, watu wanakimbilia kuongeza mashudu. Mara nyingi kinachopungua ni nguvu, wadudu wa tumboni hawana wanga wa kutosha kujizalisha, na wao ndo wanampa ng'ombe zaidi ya nusu ya protini yake. Angalia na mafuta, mafuta yakiwa mara 1.5 ya protini au zaidi kwenye wiki za mwanzo, huyo ng'ombe anayeyusha mwili, shuku ketosisi, yaani ugonjwa wa kuyeyusha mafuta ya mwili kupita kiasi.

Joto. Siku ya 40 mpaka 60 uwe umeshaona dalili za joto angalau mara moja.

## Mwite daktari, usicheze na chakula

Ameshindwa kuinuka na masikio ni ya baridi, hiyo ni homa ya maziwa, ni dharura ya saa siyo ya siku. Kondo la nyuma limepita saa 24 halijatoka. Anakataa chakula cha ziada ila hei anakula, na pumzi ina harufu tamu tamu, hiyo ni ketosisi. Hakuna hata moja hapo inayotibiwa kwa mashudu, na kumlazimisha ale kunaongeza tatizo.

## Hatua ya 8: Shusha protini muda ukifika

Kuanzia kama siku ya 100, akiwa ameshashika mimba na maziwa yameanza kushuka taratibu, anakula vizuri sasa na hahitaji tena 16.5. Shuka mpaka 15 kwa kupunguza soya kidogo kidogo, mfano kilo 24 ziwe 20 na pumba za ngano zipande kujaza nafasi, kaa wiki moja uangalie daftari. Maziwa yakishuka zaidi ya ule mteremko wake wa kawaida, rudisha. Yasiposhuka, punguza tena wiki inayofuata mpaka ufike kwenye lengo.

Kama una ng'ombe mmoja aliyezaa na wengine wako katikati, usiwape wote mchanganyiko wa asilimia 21. Tengeneza mmoja wa asilimia 16 wa wote, alafu aliyezaa mwongezee mashudu ya soya juu yake kwa kupima, kilo 1 ya mashudu ya soya ina protini kama gramu 440. Kwa ng'ombe wetu wa mfano ukitoa kilo 1 ya chakula cha kawaida ukaweka kilo 1 ya soya unaongeza gramu 280 hivi, kutoka 1,964 unafika 2,244, lengo lile lile karibu kabisa bila kuchanganya magunia mawili tofauti.

Kilo hiyo ya soya nayo igawe kwenye milo yote mitatu.